Siku Utakapoacha Kulipa

Mtu akinijia kutaka ushauri wa programu ya kuhariri picha, swali lake la kwanza huwa bei. Kwa mwezi ngapi? Ipo ya kununua mara moja? Ya bure inafaa? Ni maswali ya haki. Wengi wetu hapa Lamu tunapiga picha kwa kupenda, riziki yetu iko kwingine, na kila shilingi inayoingia kwenye kamera imetoka kwenye matumizi ya nyumba. Ila kabla sijamtajia bei yoyote mimi humwuliza jambo moja: siku utakapoacha kulipa, utabaki na nini?

Maana siku hiyo itakuja. Ada za watoto zitafika, kompyuta itakufa, kazi itabadilika, ama kampuni yenyewe itauzwa kwa wengine wasioitaka ile programu. Picha za harusi ya bintiyo zinatakiwa zifunguke baada ya yote hayo. Mpwa wangu, mtoto wa kaka yangu, alinunua kamera ya mkono wa pili akanitumia ujumbe: "Shangazi, nilipe hii ya kila mwezi ama nikae na ya bure?" Nilianza kumjibu kwa simu, nikaona jibu halienei. Hili hapa, na wengine mlioniuliza mlisome pamoja naye.

Kwanza niseme kwa nini programu yenyewe inahitajika, kwa sababu wapo wanaodhani kuhariri ni kuipaka picha rangi za uongo. Ingia Usita wa Mui, njia kuu ya mji wetu, saa sita mchana. Chini ni kivuli cha kuta mbili za mawe ya matumbawe zilizokaribiana, juu ni ufito wa mbingu iliyowaka jua, na katikati anapita mzee na kanzu iliyofuliwa ikatiwa buluu, nyuma yake punda kabeba simiti. Jicho linaviona vyote. Kamera haiwezi. Ukiipimia kanzu, uchochoro wote unazama gizani. Ukiupimia uchochoro, kanzu inaungua ikawa doa jeupe lisilo na mkunjo hata mmoja. Picha ya JPEG ina ngazi 256 tu za mwanga kwa kila rangi, na kamera imeshaamua yenyewe cha kuweka na cha kutupa. Faili ya RAW, yaani data ghafi ya kamera kabla haijaamua cha kutupa, ikiwa ya biti 14 ina ngazi 16,384. Ukiipimia kanzu kwa uangalifu na kupiga RAW, uchochoro unaweza kuuinua baadaye taratibu mpaka mlango wa nakshi ukaonekana ulivyo, na kanzu ikabaki na mikunjo yake. Hapo hujadanganya mtu. Umeirudisha picha karibu na kile ambacho jicho lako lilikiona pale pale.

Kwa mji wenye mwanga kama wetu, RAW kwangu haina mjadala. Lakini RAW ndiyo mlango unaotuingiza kwenye habari ya bei, maana JPEG inafunguliwa na simu yoyote, RAW haifunguliwi hivyo. Kila kampuni ina ya kwake: Canon ilikuwa na CR2 ikaja CR3, Nikon ina NEF, Sony ina ARW. Tena kamera mpya ikitoka, programu ya zamani haiijui faili yake hata kama jina la mwisho ni lile lile. Ndivyo mtu anavyojikuta amenunua kamera Jumatatu na Jumanne anaambiwa anunue na programu mpya.

Zamani kidogo mambo yalikuwa ya kuuziana. Lightroom, programu ya kampuni ya Adobe ya kupanga na kuhariri picha, ilitoka mwaka 2007 kama kitu unachonunua kikawa chako. Toleo la nne, mwaka 2012, liliuzwa dola 149, na mwenye toleo lolote la nyuma alipanda kwa dola 79. La tano likaja 2013, la sita Aprili 2015. Tazama vizuri mpango ule ulikuwa na nini ndani yake: ruhusa ya kuruka. Aliyeridhika na toleo la tatu alikaa nalo, la nne likapita, la tano likapita, na siku aliponunua kamera mpya akalipa dola 79 akaingia la sita. Kwa mtu anayepiga picha siku za mapumziko na sikukuu, ruhusa ile ilikuwa na thamani kuliko kitelezi chochote kipya. Photoshop, programu nyingine ya Adobe, ilikuwa habari nyingine kabisa. Toleo la CS6 la mwaka 2012 lilikuwa dola 699, na kupanda kutoka la nyuma dola 199, bei ambayo hapa kwetu mpenda picha wa kawaida hakuifikiria.

Mei 2013 Adobe wakatangaza kwamba Photoshop mpya haitauzwa tena, italipiwa kila mwezi. Mwaka huo huo wakaleta mpango wa wapiga picha, Photoshop na Lightroom pamoja kwa dola 9.99 kwa mwezi. Oktoba 2017 wakasema Lightroom 6 ndiyo ya mwisho kununuliwa, na masasisho yake yakakoma Desemba ile. Nisiwadhulumu: kwa aliyehitaji Photoshop kweli kweli, dola 120 kwa mwaka ni nafuu kubwa kuliko 699. Aliyeumia ni yule wa Lightroom peke yake, aliyezoea kulipa dola 79 anapotaka. Sasa alitakiwa 120 kila mwaka, na kuruka hakuna.

Kisha kuna dola yenyewe, ambayo wenzetu walioandika miongozo mingi ya programu hizi hawana haja ya kuifikiria. Dola 9.99 mwaka 2017 ilikuwa kama shilingi 1,030. Januari 2024, dola ilipofika karibu shilingi 160, bei ile ile bila kuguswa ilikuwa karibu 1,600. Shilingi ikapata nguvu tena ikarudi kwenye 129 hivi, tukashusha pumzi, na Januari 2025 Adobe wakaufunga mpango ule, uliokuwa na hifadhi ya GB 20 kwenye wingu, yaani kwenye kompyuta zao kupitia intaneti, kwa wateja wapya. Wa zamani waliokuwa wakilipa mwezi kwa mwezi wakapandishwa hadi dola 14.99, yaani zaidi ya shilingi 1,900. Aliyelipa mwaka mzima kwa mpigo akabaki na dola 119.88, ambazo ni kama shilingi 15,500 za kutoa siku moja. Mgeni akapelekwa kwenye mpango wa TB 1 kwa dola 19.99. Huyo mgeni ndiye mpwa wangu.

Kulipa kwenyewe siku hizi si taabu. M-Pesa ina kadi ya Visa ya kwenye simu tangu 2022, na hela zikiwemo malipo yanapita. Taabu iko kwenye kutoka. Mpango unaouzwa sana ni mkataba wa mwaka unaolipwa kila mwezi, na anayeuvunja baada ya siku 14 za mwanzo hutozwa nusu ya kilichobaki mpaka mwaka uishe. Juni 2024 serikali ya Marekani iliwashtaki Adobe mahakamani ikidai kwamba ada hiyo haikuelezwa wazi kwa wateja. Kwa hivyo ukijisajili, soma ni mkataba gani unaobonyeza. Wa mwezi kwa mwezi bila kifungo upo, na bei yake ni ya juu zaidi.

Na siku ukiacha kulipa? Niseme kwa haki hapa pia, maana mtaani yanasemwa mengi: Lightroom Classic, yaani ile Lightroom ya asili ya kwenye kompyuta, haifungi picha zako. Inaendelea kufunguka, utaziona, utazitoa nje kama JPEG au TIFF. Kinachofungwa ni sehemu ya kuhariri na ile ya ramani. Picha zenyewe zimekaa kwenye folda zako siku zote. Kitu kilichobaki ndani ni kazi yako: vile ulivyopanga, vile ulivyokata, vile ulivyoinua kivuli cha uchochoro, makusanyo uliyoyajenga kwa miaka.

Na kazi ndiyo ninayoihofia mimi, kuliko faili.

Ami yangu mmoja wa Mkomani alikuwa mtu wa Picasa, programu ya kupanga na kurekebisha picha. Google waliinunua mwaka 2004, wakaigawa bure, na watu wazima wengi waliipenda kwa sababu ilikuwa nyepesi na haikuwa na maneno mengi. Ami alikaa na skana akaingiza picha za ukoo mzima, za akina babu na kofia zao za vito, za jahazi zilizokwisha kuvunjwa, za mabibi waliopigwa picha mara moja tu maishani. Akazikata kingo, akaziongeza mwanga, akaandika maelezo chini ya kila moja: huyu ni nani, mtoto wa nani, picha ilipigwa wapi. Tena akaweka majina kwenye nyuso. Machi 2016 Google wakaacha kuihudumia. Ami aliendelea nayo, hakuna kilichomzuia, mpaka mwanawe alipomletea kompyuta mpya na kumhamishia folda zote bila programu.

Akaniita. "Mwanangu, ndoo utizame. Picha zangu zimerudi nyuma."

Zilikuwa zimerudi nyuma kweli. Giza lile lile la skana, kingo zile zile zenye vidole. Picasa haikuwa ikiigusa picha ya asili, na hilo ni jambo jema; marekebisho iliyaandika kwenye kifaili kidogo kilichofichwa ndani ya kila folda, kinaitwa .picasa.ini, na hakuna programu nyingine inayokisoma ipasavyo. Majina ya nyuso nayo yalikuwa kwenye kumbukumbu za Picasa, kwa sababu kuyaandika ndani ya picha kulitaka uchague mwenyewe, na Ami hakuambiwa na mtu. Lakini yale maelezo ya chini! Picasa iliyaandika ndani ya JPEG yenyewe, mahali panapoitwa IPTC, ambapo programu karibu zote zinajua kusoma. Nilipomfungulia digiKam, programu ya bure ya kupanga picha, yakajitokeza yote, neno kwa neno, na tahajia zake za Kiamu. Alisoma moja moja kwa sauti. Wawili kati ya waliotajwa mle walikuwa wameshazikwa, na hakuna mwingine ambaye angetuambia yule bibi wa kulia ni nani.

Kilichoandikwa ndani ya faili kilisalimika, kilichokaa ndani ya programu kiliondoka na programu. Tangu nilipoliona hilo kwa Ami, ndilo kipimo changu cha programu yoyote, ya bure ama ya pesa. Waliokuwa na Aperture, programu ya picha ya kompyuta za Apple, wanalijua pia. Apple waliitoa mwaka 2005 kwa dola 499, baadaye ikashuka hadi 79.99, Juni 2014 wakatangaza kwamba hawataiendeleza, na macOS iliyotoka 2019 haikuifungua tena. Hao walikuwa wateja wa kulipa. Kulipa hakukuwakinga.

Kwa hivyo mpwa wangu, haya ndiyo ninayokutaka uyajue kabla ya kuchagua.

Lightroom Classic huweka kazi yako yote kwenye katalogi, faili moja kubwa ya hifadhidata. Kuna chaguo kwenye mipangilio ya katalogi la kuandika mabadiliko kwenye XMP moja kwa moja, na programu inapokuja huwa limezimwa. Liwashe siku ya kwanza. XMP ni kijifaili cha maandishi matupu kinachokaa kando ya RAW kwa jina lile lile. Adobe waliuanzisha mfumo wake mwaka 2001 na mwaka 2012 ukawa kiwango cha kimataifa cha shirika la ISO, kwa hivyo si siri ya mtu. Nyota ulizotoa, maneno ya utafutaji, maelezo, haki miliki, vyote vinaingia humo na programu nyingine inavisoma. Marekebisho ya mwanga nayo yanaingia, lakini usitegemee yasomeke kwingine, kwa sababu kila programu ina hesabu zake za mwanga na rangi. darktable, programu ya bure nitakayoieleza hapa chini, inajaribu kufasiri baadhi ya yale ya Lightroom na inafika karibu tu. Makusanyo na nakala pepe, zile sura nyingine za picha moja zilizo ndani ya katalogi tu, havimo kabisa kwenye XMP. Picha unayoipenda, iliyokamilika, itoe nje kama TIFF ama JPEG ya ubora wa juu uiweke kwenye folda yake. Hiyo ndiyo njia pekee ya kuibeba kazi ya macho yako kutoka programu hadi programu.

darktable, iliyoanza 2009, huandika XMP yake kando ya kila picha bila kuombwa. RawTherapee huandika kifaili chake cha pp3. Zote mbili ni za bure na chanzo chake kiko wazi. Sitakuficha kwamba darktable ni ngumu. Ina vyumba vingi, majina yake yametoka kwenye maabara, na ukiifungua mara ya kwanza utadhani umekosea mlango. Kwenye kompyuta yenye RAM ndogo itakuchosha. Lightroom ni laini zaidi kwa anayeanza, hilo ni kweli na linastahili pesa kwa mwenye pesa. Ila wewe una muda, na una mtu wa kumwuliza.

Kuhusu kamera mpya na programu ya zamani, mkwamo huo una tundu la kutokea. Adobe wana programu ndogo ya bure inayogeuza RAW za kamera nyingi kuwa DNG, mfumo waliouanzisha 2004. Jirani yangu bado ana Lightroom 6 aliyoinunua, na kamera yake ni ya juzi. Anageuza kwanza, kisha anaingiza. Hatua moja ya ziada, na hakuna aliyemlipa.

Sasa folda. Hapa ndipo nina msimamo mkali kuliko kwenye programu. Folda ya mwaka, ndani yake folda za siku, na jina lianze kwa mwaka, mwezi, siku, kisha mahali na tukio, kwa tarakimu kamili: 2023-12-09 Matondoni wachonga jahazi. Zikiandikwa hivyo zinajipanga zenyewe kwenye kompyuta yoyote, hata miaka ishirini ijayo. Usiite folda "Picha mpya" wala "Za Shela 2". Na saa ya kamera irekebishe kabla hujatoka nyumbani. Ya mkono wa pili aghalabu huja na saa ya nchi ya mwenyewe wa kwanza.

Tarehe peke yake haitoshi Lamu, kwa sababu maisha yetu yana kalenda mbili. Maulidi iko Mfungo Sita, na Mfungo Sita unarudi nyuma kama siku kumi na moja kila mwaka wa kizungu. Anayetafuta kwa mwezi wa Septemba picha za Maulidi ya 2024 atazipata, akitafuta za miaka kumi nyuma hatazipata. Mimi huandika neno Maulidi na mwaka wa Hijria kwenye maneno ya utafutaji: Maulidi 1445, Maulidi 1446. Hapo naita zote pamoja, za msikiti wa Riyadha, za ngoma ya goma, za mbio za punda, hata kama mwaka mmoja zimeangukia Septemba na mwingine Novemba. Na mwanangu, usiandike "boti". Andika jahazi, andika mashua, andika dau la mwao, kila chombo kwa jina lake, kwa sababu siku mtu atakapokuja kutafuta dau la mwao kwenye picha zako kompyuta haitamsaidia kama wewe hukulisema. Wahenga walishasema mali bila daftari hupotea bila habari, na maneno haya ya utafutaji ndiyo daftari lenyewe.

Nifike kwenye jambo ambalo wewe kama mwanamume halitakukuta mara nyingi, lakini dada zako walisome. Mimi hualikwa kupiga picha za wanawake. Kutolewa nje, kupamba, zile saa ambazo bibi harusi amevaa dhahabu zake na nywele ziko wazi na ukumbi mzima ni wa kike. Simu hukusanywa mlangoni. Mimi huruhusiwa kuingia na kamera kwa sababu mama wa bibi harusi anajua picha hizo zitafika kwake tu. Hiyo ni amana, na amana haichagui kama ni karatasi ama ni faili.

Kwa hivyo swali la wingu kwangu si la gharama tu. Gharama ipo, hilo wazi: GB 20 ni kama picha 800 za RAW za kamera ya megapikseli 24, na kuzipandisha kwa bando la simu, picha arobaini zinakula GB nzima. Lakini Lightroom ile mpya, isiyo Classic, imejengwa juu ya wingu. Ukiingiza picha kwa njia yake ya kawaida, zile za asili zinapandishwa kwenye kompyuta za watu. Classic haipandishi za asili. Tofauti hiyo haielezwi vya kutosha kwa mtu anayelinganisha bei, na kwa kazi yangu mimi ndiyo tofauti kubwa kuliko zote. Juni 2024 Adobe walibadilisha maneno ya masharti yao kuhusu kufikia kazi za wateja, wapiga picha na wachoraji wakaja juu, na kampuni ikafafanua kwamba haifundishi akili bandia yake ya kutengeneza picha kwa kazi za wateja. Ufafanuzi ni mzuri. Mimi nilichofanya ni kuhakikisha kwamba picha za ukumbini hazitoki kwenye diski yangu. Nazihariri kwenye programu isiyohitaji intaneti, namkabidhi mwenyewe kwa mkono, na folda yake naifungia kwa nenosiri. Programu yoyote inayonilazimisha kuingia akaunti kabla ya kunionyesha picha hiyo haifai, hata ikiwa bure.

Na bure nayo ina aina mbili, usizichanganye. Nik Collection, mkusanyo wa vichujio vya kuhariri picha, ilikuwa ya kuuzwa. Google waliinunua kampuni yake 2012, Machi 2016 wakaigawa bure, watu wakafurahi, na Oktoba 2017 wakaiuza kwa kampuni ya DxO. Mwaka uliofuata toleo jipya likawa la pesa. Affinity Photo ilikuja 2015 kwa dola 49.99 za mara moja na ikapendwa kwa hilo. Toleo la pili lilipotoka Novemba 2022, aliyekuwa na la kwanza alipata punguzo lile lile alilopata mgeni, na wengi walilalamika. Machi 2024 Canva wakaichukua kampuni, na Oktoba 2025 Affinity ikawa bure kwa mwenye akaunti ya Canva. Ni programu nzuri, itumie. Lakini bure ya namna hiyo ni uamuzi wa mwenye mali, na mwenye mali anaweza kuamua tena. GIMP, ambayo vijana wawili wa chuo kikuu cha Berkeley waliitoa mwaka 1996, darktable, RawTherapee na digiKam ziko chini ya leseni ambayo haimruhusu mtu kuikunja na kuondoka nayo. Wakiacha wa leo, anaweza kuendelea mwingine. Toleo ulilonalo halifungwi kwa sababu mkutano fulani umeamua.

Hata leseni ya kununua siku hizi isome vizuri. Photoshop Elements, ambayo kwa miaka ilikuwa ya kununua moja kwa moja na ndiyo iliyokuwa kimbilio la wasiotaka malipo ya mwezi, tangu toleo la 2025 inauzwa kwa dola 99.99 ikiwa na muda wa miaka mitatu. Muda ukiisha, kuhariri kunaisha.

Kuhusu nakala za akiba nitakuwa mfupi, kwa sababu kanuni ni moja na imeshasemwa na mpiga picha wa Marekani Peter Krogh: nakala tatu, kwenye vyombo vya aina mbili, moja ikae mbali na nyumba. Ongeza ya kwetu. Hewa ya chumvi inakula tundu za USB kabla haijala diski, kwa hivyo diski ikae kwenye kopo la kufunga kabisa pamoja na vile vipakiti vya kunyonya unyevu. Umeme ukikatika katikati ya kunakili, rudia kunakili yote, usidhani imeendelea. Na kila baada ya muda fungua picha kadhaa za zamani kwenye kompyuta isiyo yako. Zikifunguka pale zikiwa na majina na maelezo yake, kazi yako iko salama kuliko mkataba wowote.

Mpwa wangu amechagua darktable. Ameishanilalamikia kuhusu vyumba vyake, na tumekaa naye barazani tukavipunguza vikabaki vile anavyovihitaji. Hofu yake sasa ni Maulidi: anataka kupiga goma usiku, pale Riyadha, na kamera yake ikipandishwa ISO, yaani usikivu wake wa mwanga, picha inajaa chembechembe. Hapo programu za bure bado ziko nyuma, na sitamwambia uongo. DxO PureRAW, iliyotoka 2021, inafanya kazi hiyo ya kuondoa chembechembe vizuri sana. Inauzwa kwa leseni ya mara moja, ina muda wa kujaribu bure, na inachokutolea ni DNG ambayo darktable inaifungua hata baada ya leseni kwisha maana. Pesa ya namna hiyo simkatazi kuitoa, kwa sababu matokeo yanabaki kwake.

Ila nimemwambia asubiri. Fedha aliyoiweka kando inatosha kitu kimoja mwaka huu, na picha zake zote bado ziko kwenye diski moja. Anunue ya pili kwanza, tunakili pamoja, na dadake akirudi chuoni Mombasa aende nayo.